Mguu Wangu Tumboni kwa Rahma

Jumatatu, Februari. Kenton, London. Mvua nyembamba tangu asubuhi, na mimi nimejifunika blanketi, navitazama vidole vya mguu wangu wa kushoto. Vyekundu, vimevimba kidogo, vinauma.

Vinauma! Sijawahi kufurahia maumivu namna hii.

Juzi tulikuwa Scotland, kwenye mlima uliojaa theluji: mimi, Rahma, Zuhura, na Kaka Salim, kakake Rahma, ambaye hupanda milima kila majira ya baridi na ndiye aliyetuongoza. Tangu tumalize skuli, sisi wasichana watatu tumekuwa watu wa ujumbe wa simu tu. Safari hii ndiyo ilikuwa ituweke pamoja tena. Nilitaka mno tufike kileleni. Nilitaka zaidi nisiwe mimi wa kuiharibu.

Tulivaa vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, vinavyofanana na raketi. Unatembea umetanua miguu kama bata. Mwanzoni tulicheka sana. Halafu upepo ukazidi, vidole vyangu vikaanza kuuma, kisha vikaacha kuuma. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kaka Salim hakuwa mzembe. Kila tukipumzika alituuliza mmoja mmoja, "Hali yako, Mwanaidi?"

"Nzuri, alhamdulillah."

Sikukusudia kudanganya. Kwetu ndivyo tulivyolelewa: hali huwa nzuri kwanza, habari yenyewe hufuata. Siku bibi alipofariki Pemba, mjomba alipiga simu, na yeye na mama wakasalimiana salama salama mpaka mwisho, ndipo akasema. Basi na mimi nilisema nzuri, nikavuta pumzi ili niseme la mguu, na Kaka Salim akawa ameshamgeukia Zuhura.

Kila mara ikawa hivyo. Na mimi siwezi kumkatiza mtu, sembuse mkubwa wangu.

Kilele kilikuwa kinaonekana kabisa nilipojikwaa na kugundua sijui nimekanyaga wapi. Nikapiga kelele, mimi ninayeogopa hata kubonyeza kengele ya basi.

"Kaka Salim! Siusikii mguu!"

Alirudi haraka, akanikalisha nyuma ya mwamba, akanivua kiatu na soksi. Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa.

"Rahma, lete tumbo," alisema.

Rahma alifungua jaketi, akaubana mguu wangu tumboni, akapiga ukelele. "Shoga! Mguu huu au samaki wa friza?"

"Vikipata joto tunashuka," Kaka Salim akasema. Nikaanza kuwaomba radhi.

"Radhi ya nini?" Zuhura akadakia. "Mimi magoti yamekufa zamani. Nilikuwa naona haya kusema."

"Hata mimi nimechoka hoi," Rahma akasema.

Kaka Salim akatutazama. "Kumbe siku nzima nachunga mabubu! Basi simuulizi mtu hali tena. Anayeumwa aseme anaumwa wapi."

Tukacheka mpaka machozi. Mengine yalikuwa ya vidole, maana vilianza kuchoma kama sindano. Kaka Salim akasema hiyo ni dalili njema, nilie tu.

Tukashuka tunalalamika. Pua, magoti, njaa, begi zito. Hatujawahi kuongea hivyo. Karibu na gari Zuhura akasema, kama anaendeleza orodha tu, kwamba chuoni hana rafiki hata mmoja, na usiku hulia. Miezi yote hii alikuwa akituandikia "poa tu".

Nilimshika mkono. Nikamwambia na mimi sijui nifanye nini na maisha yangu. Hakushangaa. Alinipa kipande chake cha mkate wa kumimina.

Kilele sikukiona kwa karibu, na sikijutii.

Leo mama ameukagua mguu, akanigombeza, akanipikia uji. Zuhura anakuja Ijumaa, atalala kwetu. Mama ameshauliza kama anakula pweza. Kesho natandika kitanda cha pili.