Mikono Arobaini na Minne

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote huku. Kabla sijasema lolote, mgongo unaendeleaje? Mama anasema kwenye simu ulijibu "mzima kabisa" haraka mno, na hakukuamini. Mimi pia sikuamini. Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wajue amelala? Na wapwa zangu, natumaini hawajambo na shule wanakwenda bila kusukumwa.

Sisi tu wazima. Mama ana kikohozi kidogo, lakini akiingia mgeni kinakua kikubwa. Mke wangu amehamishiwa wodi ya watoto na anaipenda kazi ya huko.

Mimi mwili hauna neno, ila roho iko juu juu. Jumatano saa nne asubuhi mkufunzi wa chuo anakuja kukaa nyuma ya darasa langu kwa mara ya mwisho. Nikipita, napata cheti cha ualimu wa sekondari. Nikianguka, basi tena, maana mwaka jana nilianguka na chuo hakimpi mtu nafasi ya tatu. Chakula hakipiti, Dada. Mke wangu ananipakulia, nazungusha kijiko, anatoa sahani.

Na mama hanisaidii. Juzi alikuja mteja wangu wa zamani kutafuta fundi umeme wa kumtazamia swichi. Mama akamjibu mlangoni kwamba hapa hakuna fundi, kuna mwalimu. Mtu wa watu akaondoka na swichi yake mbovu, na mimi nimejificha chumbani nikisikia yote.

Sasa nikueleze kosa langu, na tafadhali usimwambie mama.

Mwaka jana unajua kilichoniangusha. Kila nilipouliza swali, darasa lilikuwa kimya kama maji ya mtungini, na mkufunzi akaandika kwamba wanafunzi hawashiriki. Nikaapa haitatokea tena. Safari hii, siku moja kabla ya mkufunzi kuja mara ya kwanza, niliwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza somo lile lile la namba hasi ambalo angelikuta kesho yake. Kisha nikawapa masharti. Nikiuliza swali, wote wanyooshe mkono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu.

Dada, ungeiona siku ile! Mikono arobaini na minne juu, majibu yanatiririka, mkufunzi anaandika huku anatabasamu. Nilitoka pale nikijiona mwanaume wa shoka. Mkuu wa shule alinipa mkono mbele ya walimu wote.

Lakini nilisahau kitu kimoja: kuwaambia waache. Wiki iliyofuata waliendelea. Halafu wale wa kushoto wakaanza kuona aibu, kwa sababu kila mtu darasani alikuwa akisoma mkono wa jirani yake. Wakahamia kulia, mmoja mmoja. Sasa nikiuliza chochote, mikono yote arobaini na minne ni ya kulia. Namchagua mmoja, anasimama, ananitazama kwa adabu, hasemi neno. Anakaa. Anaunyoosha tena.

Miaka kumi na minne nimefunga nyaya. Taa kama haina moto haiwaki, haikuonei haya hata kidogo. Hawa watoto wanawaka wote na ndani hamna kitu, na mimi ndiye niliyewafanya hivyo. Alhamisi niliwapa jaribio dogo la namba hasi, lile lile somo nililosifiwa. Waliopata nusu ni kumi na mmoja. Nilihesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Jana nikaona liwalo na liwe. Niliwaambia washushe mikono, nikauliza nani hajaelewa. Hakuna. Nikauliza tena, nikawaambia sikasiriki. Ndipo kiranja wao, msichana mdogo wa umbo lakini mdomo hauogopi mtu, akasimama.

"Mwalimu, tukisema hatujaelewa si utafeli tena?"

Nikamuuliza nani kamwambia nilifeli.

"Dada yangu alikuwa lile darasa la mwaka jana. Alisema walinyamaza, ukafeli. Sisi tulikubaliana hatutanyamaza."

Niligeukia ubao nikajifanya nafuta, na ubao ulikuwa mtupu.

Kabla ya kengele niliwagawia vipande vya karatasi, waandike wasichokijua, bila jina. Nimevisoma hapa mezani tangu asubuhi. Vingi ni vile vile: kutoa namba hasi, mabano, kwa nini alama inageuka. Kimoja nimekiweka pembeni kwa sababu sijui nikifanye nini. Kimeandikwa kwa mwandiko mzuri sana: "Mimi sijui kitu tangu mwezi wa pili. Lakini usiwe na wasiwasi mwalimu, Jumatano nitanyoosha."

Nimelia, Dada. Nina miaka thelathini na nane.

Jumatatu asubuhi natakiwa kupeleka chuoni andalio la somo la Jumatano. Lilikuwa tayari, somo jipya la milinganyo, zuri, na mistari ya wino wa rangi mbili. Nimelichana. Nimeandika jingine: namba hasi, tangu mwanzo kabisa, na asiyejua akae mikono chini. Mke wangu amelisoma, akaniuliza kama nina hakika. Sina. Mkufunzi atauliza kwa nini narudia somo alilolisifu, na nitalazimika kumweleza, na sijui mtu hueleza vipi jambo kama hilo kwa mtu mwenye kalamu nyekundu.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu wote wawili na mama mkwe wako, mwambie miwani yake tumeipata nyuma ya kabati. Mungu akuponye huo mgongo na awape nyumba yenye amani.

Niombee nipite. Sitajifanya sitaki, nakitaka kile cheti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini ukishamaliza kuniombea mimi, mwombee na yule mwenye mwandiko mzuri, Jumatano ashushe mkono.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,
Fyuzi