Sahani ya Kaka

Shemeji yangu,

Huku tu wazima. Ule mlango wako uliokuwa ukilia kama mbuzi nimeutia mafuta. Mama bado anamwekea kaka sahani yake kila jioni, simkatazi.

Umeuliza kama watamtoa mgodini. Wameshindwa, shemeji. Handaki lililomwangukia wamelijengea ukuta ili walijaze maji na tope la makaa na kulifunga kabisa, na mtu wa pampu ni mimi. Sharti kwanza tugonge ukuta, tusikilize kama kuna mtu ndani. Leo nikagonga, kimya. Msimamizi akasema, "Haya, fungua maji." Nikagonga tena, nikamwita mumeo. Kisha nikafungua.

Mama sijamwambia. Ila niliporudi aliitazama miguu yangu yenye tope, akanisogezea sahani ya kaka.

Nisalimie watoto.

Baba yao mdogo