Nusu ya Shayiri

Goma, Ramadhani

Mama Zaituni,

Pokea salamu za Masika, muke wa mutoto wako Amrani. Vitu ulivyotutumia kutoka Kasongo vilitufikia vyote hapa kambini.

Tende tulifuturia. Radhia wetu anaficha kokwa zake, anasema atazipanda nyumbani Kiwanja siku tutakayorudi. Asali na habasoda nilimukorogea Amrani kila daku, na kile kikohozi cha moshi kikapungua. Akanicheka: “Ona, Mukatoliki wa Butembo leo anatibu kwa dawa za Mutume!”

Shayiri tu ndiyo sikuigusa. Nilipoolewa ulinifundisha kwamba uji wake, wa maziwa na asali, hupikiwa waliofiwa ili moyo utulie. Nikaogopa nisije nikauita musiba. Nikaufunga ule mufuko, nikauficha chini ya nguo.

Jumatano bomu lilianguka karibu na bomba la maji. Amrani alikuwa ameenda kuchota maji ya kufuturia.

Watu wa musikiti walimusalia, wakamuzika vizuri, mama. Alikuwa na sanda nzima.

Jana nikaupika ule uji. Radhia alikunywa, akalala. Moyo wangu haujatulia bado, lakini leo ninaweza kukuandikia.

Mwenye kukuletea barua hii ana mufuko mudogo. Ni nusu ya shayiri yako, nimekurudishia. Usipike peke yako. Ita jirani akushikie mwiko.

Mukwe wako,
Masika