Moyo Upande wa Kulia

Mjukuu wangu Yusufu,

Nakusalimu wewe na mkeo. Huku Buzebazeba tu wazima, mama yako anaanika dagaa, mimi mguu tu unanisumbua.

Umeandika kwamba daktari kasema mbegu zako hazikimbii, umezaliwa hivyo, na chanzo ni kilekile cha kikohozi chako cha tangu utotoni. Unauliza kama yuko mwingine katika ukoo. Yuko, kaka yangu Hamisi. Alikohoa maisha yake yote, na moyo wake ulidunda upande wa kulia. Utotoni tulipokezana kumwekea sikio kifuani, tukicheka.

Alioa kijijini Kagunga, mtoto hakupatikana. Mama yetu akasema mke ni tasa, akarudishwa kwao. Miaka ikapita, siku moja mimi na Hamisi tukamkuta yule mke sokoni Ujiji anauza mawese, mtoto mgongoni, mwingine kashika kitenge chake.

"Wifi, hujambo?" akaniambia, kama zamani.

Hamisi akambeba kidogo yule mdogo, akamrudishia. Tulipofika nyumbani akamwambia mama, "Mlimrudisha mtu, ugonjwa mkabaki nao humu ndani." Mama akaendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo mweleze daktari habari za Hamisi, kikohozi, moyo na kukosa mtoto, labda zitamsaidia.

Juzi mama yako naye alianza, eti mkeo kwao hawazai. Nikamsimulia haya yote. Kaacha maneno hayo, ila mimi bado roho haijatulia. Mwambie mkeo bibi kasema asifungashe kitu, harudishwi mtu kwao.

Bibi yako