Sifuri Mara Mbili

Jumanne, 2 Septemba 2025
Mwaitu, mama yangu, amepiga simu kutoka Mukuyuni. Msichana amepatikana, anaitwa Ndila. Ataolewa kama iweto — kwa jina la Mumbua, mke wangu, ili amzalie watoto. Mimi ndiye wa kumpa mimba. Mbuzi tatu ziko tayari!

Miaka sita ya ndoa. Mumbua amepimwa mara saba, hata ile ya kusukumiwa dawa kwenye mirija, akarudi ameshika tumbo. Mimi mara ngapi? Hakuna. Na hakuna daktari aliyeuliza.

Mumbua alikuwa akikunja nguo. "Ndila nitamkubali. Lakini nenda upimwe, Mwau. Mara moja tu."

Haya.

Alhamisi, 4 Septemba
Choo cha maabara hakina komeo, na yule wa mapokezi hununua simiti kwangu. Nikasema sampuli nitaitolea nyumbani. Wakaniambia isipoe, ifike ndani ya saa moja. Nilianza na wilbaro moja, leo nina duka la hardware Kitui mjini — kuweka kitu joto kutanishinda? Nikatumbukiza chupa kwa flaski ya chai, maji moto tele. Dakika kumi na nane kwa boda.

Jibu: hakuna mbegu hata moja.

Nikacheka. Nimezichemsha! Mama wa maabara hakucheka. Akasema zikichemka zinakufa, lakini maiti zake zingeonekana kwa darubini. "Hapa hakuna hata maiti, baba. Rudi baada ya wiki mbili. Na hiyo flaski uiache nyumbani."

Jumatatu, 22 Septemba
Nimerudia. Chupa kwapani safari hii. Sifuri.

Mdogo wangu Ben akapiga: "Bro, anza kukimbia asubuhi. Ndila ana miaka ishirini na mbili, atakumaliza!" Nikacheka naye. Kwa sauti kubwa. Nimejichukia mchana wote.

Jumanne, 30 Septemba
Daktari Wavinya ametulia, anaeleza kama anayepima mbao. Kutokuwa na mbegu ni kwa aina mbili: mwili hautengenezi, au unatengeneza na njia imeziba. Nguvu za kiume ni habari nyingine kabisa. Katika wanaume kumi wa namna hii, kama wanne ni kuziba. Damu yangu inaonyesha homoni ziko sawa. Akauliza kama niliwahi kupasuliwa. Ngiri, nikiwa na miaka minane, pande zote mbili. Akaweka kalamu chini. Huenda mishipa ya mbegu ilikatwa siku hiyo. Miaka thelathini na moja na hakuna aliyeniambia!

Kuna njia. Kujaribu kuunga mishipa, au kutoa mbegu kwa sindano kwenye kende na kuziingiza kwenye yai la Mumbua, huko Nairobi. Nikataka namba. Pengine tatu kwa kumi kila jaribio, hakuna ahadi.

Lakini Ndila? Sifuri mara iweto kumi ni sifuri.

Nimemwambia Mumbua. Akasema: "Kwa hivyo miaka sita nimekuwa nikiomba msamaha." Hakulia. Akauliza nani atamwambia Mwaitu. Mimi. Lini?

Jumamosi, 4 Oktoba
Mukuyuni. Niko ndani ya pikapu, kando ya nyumba. Nimewadanganya naenda kujibu simu. Wazee wanane wamekaa, saa saba tunapeleka mbuzi kwa kina Ndila. Na sijasema! Asubuhi nilifungua mdomo mara mbili, mara zote Mwaitu akaniongezea chai.

Dirisha liko wazi, nasikia yote. Mwaitu anamwambia Mumbua asimame aseme mbele ya wazee kwamba tumbo lake limekataa, ndiyo mbuzi zitoke bomani.

Namsikia Mumbua akisimama.

"Mwaitu, nakuheshimu. Lakini hayo sitasema. Muulizeni Mwau."

Viti vinasogea. Mzee mmoja anakohoa.

"Mwau! We Mwau! Kuja hapa!" Mwaitu anaita.

Wamegeukia dirishani wote. Nimeshafungua mlango wa pikapu, mguu mmoja uko chini, na bado naandika