Nyama Aliyokatazwa Baba

Nyasubi, Kahama
19 Agosti 1984

Kaka yangu Marcelino,

Tereza amefanya jambo sasa hivi. Amechukua mfupa wenye nyama kwenye sahani yake, akatembea nao polepole mpaka kwa Babu yake pale ukutani penye jua, akamwekea kiganjani. Mtoto wa miaka mitatu! Baba akaunusa, kaka, akaunusa amefumba macho, halafu akamrudishia. Akamwambia kwa Kisukuma, kula wewe mama yangu, mimi daktari kanikataza. Nikashindwa kusimama pale. Nikaingia ndani nikatafuta kalamu.

Shikamoo kaka. Nisamehe nimeanza na mtoto kabla ya salamu. Hujambo huko Geita? Kifua chako kimepona, au vumbi la mawe bado linakusumbua? Wifi na watoto hawajambo? Huku sabuni tunaisikia kwa jina tu, lakini tunaishi. Mume wangu Ansgar amesafiri na lori la pamba. Mimi na Tereza wazima. Asiye mzima unamjua.

Uliniuliza Baba anaendeleaje tangu nimtoe kijijini Samuye, nami nikakujibu kwa kifupi kuwa ni mkojo, na kwamba amekatazwa nyama. Leo nakueleza kwa kirefu.

Alipofika hapa alikuwa akisimama chooni muda wa kuchemsha chai, anarudi amechoka kama aliyelima, na suruali ina matone. Hataki nimtazame. Siku moja nikifua nguo zake nikaona damu. Sikumwuliza. Utamwulizaje baba yako? Na Ansgar ndiyo kabisa, mtu na mkwe wake, hata uani hupishana kwa kukohoa. Nikasingizia mgongo tu, nikamwambia Baba twende hospitali wakautazame, akakubali.

Tangu tuliporudi hajaonja nyama wala maziwa wala samli. Nampikia dengu, mlenda, nsansa ya majani makavu ya kunde, na asubuhi michembe ya viazi vilivyokaushwa badala ya kibuyu chake cha maziwa ya mgando. Wiki ya kwanza alisema nimemfanya mbuzi, bado kamba tu. Tulicheka. Lakini anatii, kaka! Mzee Ngassa tunayemjua, asiyewahi kumtii mtu! Kwenye msiba wa jirani walimpa maini, akaisukuma sahani, wenyewe wakadhani ana kinyongo nao, ikabidi niende kuwaomba radhi.

Mimi nilikuwa na matumaini. Nilizihesabu safari zake za chooni nikaona zinapungua. Labda nilihesabu vibaya kwa kupenda. Sasa ni wiki ya saba, na nyonga zinamwuma hata akikohoa. Akikaa kwenye kigoda hainuki bila kushika ukuta. Juzi mguu wa kushoto ulikataa, akauinua kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine. Amekonda, shingo imekuwa ya kuku. Naogopa, kaka. Nikisikia kimya upande wake, nakwenda kuchungulia kama anapumua.

Alhamisi nilikwenda dukani kwa Champaben, yule Mama wa Kihindi anayenikopesha uzi. Akanitania, Mama Tereza, kila siku dengu, umeingia dini yetu? Nikamwambia ukweli, kwamba Baba ana ugonjwa wa tezi, ile ya wanaume, na mimi nimeona ninyi hamli nyama, wazee wenu wana afya, basi namlisha kama ninyi. Akaacha kupima. Akasema, mama, shemeji yangu wa Nzega tangu kuzaliwa hakuonja nyama, hata yai hakugusa, na alikufa kwa tezi hiyohiyo. Akasema alichelewa kwenda hospitali kwa kuona aibu. Halafu akanifungia dengu zangu, akanishika mkono. Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Kaka, kaa chini kwanza. Daktari hakumkataza Baba nyama.

Yule daktari ni mtu wa pwani, Kisukuma hajui, na Baba Kiswahili chake ni cha mnadani, cha kutaja bei ya ng'ombe. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa katikati yao. Daktari alimpima, akanawa mikono, akaniambia ni kansa ya tezi ya kiume, ile iliyo chini ya kibofu, na imeanza kutoka mahali pake. Akasema apelekwe upesi hospitali kubwa ya Mwanza, afanyiwe operesheni ya kuondoa, unisamehe naandika kama alivyosema, korodani. Kwamba nguvu za kiume zinazotoka humo ndizo zinazoulisha ugonjwa, zikiondolewa ugonjwa hunywea na maumivu hupungua, na wengine huongezewa miaka. Baba akanigeukia. Akauliza, anasemaje, ng'wanone, mwanangu?

Ningesema kwa mdomo gani? Mimi binti yake, nimtamkie baba yangu kwamba atakatwa kile kinachomfanya aitwe baba? Nikamgeukia daktari nikamwuliza kama ni chakula kilicholeta haya. Akasema wapo wataalamu wanaodhani mafuta ya nyama na maziwa yanachangia, lakini hakuna aliyethibitisha, na hata ingekuwa kweli, kuacha nyama leo hakuondoi kansa iliyokwisha kuota. Baba akauliza mara ya pili. Nikasema, anasema uache nyama na maziwa.

Baba akashukuru sana. Akampa daktari mikono yote miwili. Daktari akadhani amekubali operesheni, akaandika karatasi ya rufaa, akasisitiza isizidi wiki mbili. Nimeificha ndani ya kitenge changu cha harusi. Niliyaamini maneno yangu mwenyewe, kaka. Nilijiambia kama chakula huenda kilileta, basi chakula kitaondoa, na siku moja nitaichana ile karatasi bila mtu kujua.

Nakuomba njoo. Wewe ni mwanamume, ni mwanawe, unaweza kumwambia faraghani lugha ikakubali. Mkaripie huyu mdogo wako baadaye. Na wewe mwenyewe nakuogopea, daktari aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Ukisikia mkojo unakusumbua usinyamaze kama Baba, usimwachie mwanamke akusemee.

Lakini nikifikiri, barua hii itafika kwako lini, na wewe utapata lori lini? Wiki ngapi tena? Na yeye kila akiweka sahani chini ananiambia, mwambie daktari wako nimemaliza.

Msalimie wifi, waambie watoto shangazi yao anawabusu, na majirani wote wa huko wanaotuulizia wasalimie. Tereza anakuamkia. Mimi mdogo wako mwenye kosa, Mektilda.

Baba ananiita. Amerudia, na sauti yake si ile ya siku zote, anasema mguu wa kulia nao hausikii. Kaka, sitakungoja. Nimeitoa karatasi, ninayo mkononi, nakwenda kupiga magoti mbele yake nimwambie kwamba yule daktari siku ile