Picha Niliyoipiga Bila Flashi

Jumapili, Kibondo. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa imebaki ile baridi ya huku kwetu inayopenya hadi kwenye soksi. Nina huzuni, na huzuni hii nimeitengeneza mwenyewe.

Naandika kwenye simu ya mama. Hapa nyumbani hakuna wa kumsimulia, maana wote walikuwepo.

Bibi Venansia, aliyemzaa mama yangu, alisuka picha ya ukindu alipokuwa msichana wa umri kama wangu. Siyo mkeka wa kulalia. Ni picha hasa: mwanamke amejitwika mtungi na kuku watatu wanamfuata nyuma. Ukindu aliutia rangi kwa mizizi na tope la bondeni. Mwalimu aliyewafundisha wasichana wa kijijini kusuka tu, siyo kusoma, aliichukua akaipeleka kwenye makumbusho huko Kasulu, akamwahidi kwamba jina lake litaandikwa chini yake. Bibi hakuwahi kwenda kuangalia. Aliamini tu. Akatusimulia sisi wajukuu, akawasimulia na majirani, mwaka hata mwaka.

Majirani hawakuamini. Mama Neema, wa nyumba ya pili, humwuliza kila mara, "Bibi, hao watu wa makumbusho wamekosa vitu mpaka watundike ukindu wako?" Watu hucheka, na bibi hucheka nao.

Wiki mbili zilizopita, klabu yetu ya picha ya shuleni Kasulu ilipelekwa kwenye makumbusho hayo. Ni chumba kimoja chenye madirisha madogo. Msimamizi alitupokea mlangoni kwa onyo: asiwashe mtu flashi, kwa sababu rangi za mizizi zinakufa kidogo kila zinapomulikwa. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilifurahi, kwa kuwa kupiga picha kwenye mwanga hafifu ndicho kitu pekee ninachokiweza kuliko wote darasani.

Nikaiona. Mwanamke, mtungi, kuku watatu, nyuma ya kioo.

Nikafanya kila kitu kama tulivyofundishwa. Niliegemea nguzo ya mlango, nikabana viwiko mbavuni, nikatoa pumzi yote, nikabonyeza taratibu. Mwalimu wetu husema gizani usilenge lenzi kwenye rangi, ilenge kwenye herufi, kwa sababu herufi zina kingo kali. Pia husema kazi ya sanaa na kikaratasi chake cha maelezo ni kitu kimoja, ukikata kikaratasi umemkata msanii. Basi nikalenga kikaratasi.

Kilisema: Picha ya ukindu. Msusi hajulikani.

Nilikisoma. Sitadanganya hapa. Nilikisoma kabla ya kubonyeza, na ningeweza kupiga hatua moja kushoto kikabaki nje. Sikupiga. Picha ilikuwa nzuri mno.

Mwalimu alisema ndiyo picha bora ya klabu nzima mwaka huu. Akaisafisha studio kwa ukubwa wa jalada la daftari, akanipa niilete nyumbani. Njiani nilijiambia kwamba bibi hajui kusoma. Ataona kuku wake, atafurahi, yataishia hapo.

Sikufikiria kwamba ataita watu.

Leo baada ya ibada walijaa barazani kukwepa mvua. Bibi alivaa kitenge chake cha sikukuu. Aliishika picha kwa mikono miwili, akawazungushia wote, na hakuna aliyecheka. Hata Mama Neema hakucheka. Kwa dakika moja bibi yangu alikuwa mtu mkubwa kuliko wote Kibondo.

Kisha akampa Mama Neema picha. "Wewe umesoma. Nisomee jina langu hapo chini, wasikie."

Nilijaribu kusema chai ipo tayari. Hakuna aliyenisikia.

Mama Neema akaisogeza karibu na macho. Akasoma mara ya kwanza kwa sauti ndogo, akiwa hajaamini. Mara ya pili alisoma kwa sauti ya kanisani.

"Msusi hajulikani!"

Akainama mbele ya bibi, mikono magotini, kama anavyosalimiwa mkubwa kwa Kiha. "Mwakeye, Bibi Hajulikani!"

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mwingine akauliza kama na wale kuku hawajulikani. Kabla mvua haijakatika, watoto walishaanza kuliimba jina hilo uani. Jioni nilipokwenda bombani kuchota maji, mwanamke nisiyemjua vizuri aliniuliza, "Bibi Hajulikani hajambo?"

Kama ningewasha flashi, kioo kingerudisha doa jeupe na herufi zote zingepotea. Kama ningekuwa mpiga picha mbaya, bibi yangu leo angekuwa na jina.

Watu walipoondoka, bibi alikaa akimenya mihogo. Hakunitazama.

"Wewe uliliona lile neno?"

"Niliona, bibi."

"Ukaniletea."

Hakuuliza. Alisema tu, akaendelea kumenya. Nilitamani anipige.

Baadaye sana aliivuta picha karibu na moto, akaikagua. Akaweka kidole kwenye kuku wa mwisho. "Hapa ukindu mwekundu uliniishia, nikamalizia mguu kwa mweusi. Mwalimu alinigombeza." Nilichungulia. Kweli, mguu mmoja ni mweusi. Ni uzi mwembamba kiasi kwamba pale makumbusho, kwa macho yangu mwenyewe, sikuuona. Kwenye picha unaonekana.

Nilimwambia nitakwenda kwa msimamizi nimwonyeshe, nimweleze habari ya mguu huo, abadilishe kikaratasi. Nani mwingine angejua jambo hilo isipokuwa aliyesuka?

"Usiende," akasema. "Wakibadilisha, utaniletea picha nyingine. Nitawaita tena akina nani waje kuitazama?"

Nimewaza jambo hili tangu jioni. Jumatano narudi shule, na Alhamisi nitakwenda hata kama amenikataza. Nitasimama mbele ya msimamizi na kutaja jina lake lote, na la baba yake. Huenda atanisikiliza. Nina tumaini kidogo kwamba atanisikiliza.

Lakini kuna swali ambalo silipatii jibu, na naliandika hapa ili lisinikimbie: je, naenda kumrudishia bibi jina lake, au naenda ili siku moja anitazame tena usoni?